Faini ya Kuchelewa

Siku ile ilitugharimu kuku mmoja jike na nauli ya kutoka Lobule hadi Arua, baada ya Mama kuvutana na konda mara mbili. Nimeikumbuka juzi, nilipomwona mwanachama wa klabu ya huduma kwa jamii akitozwa faini kwa kusahau beji, huku anacheka.

Nilikuwa mdogo; dada yangu Keji alikuwa amepata ufadhili wa masomo kwenye klabu kama hiyo, nasi tukaenda Arua kumwona akikabidhiwa. Ukumbi ulinukia sambusa na rangi mpya. Kengele ikalia, mzee mmoja aliyevaa tai akaingia amechelewa, akasimamishwa, akatumbukiza noti kwenye kopo.

"Mama, amefanya nini?"

"Amechelewa. Hapa mutu akichelewa, analipa."

"Hiyo pesa inaenda wapi?"

"Si ya kusomesha dada yako? Nyamaza, kula."

Nikaiweka sambusa chini, nikawahesabu waliochelewa. Keji alikuwa na miaka minne ya sekondari mbele yake, na waliochelewa walikuwa watatu tu. Nikahesabu tena: watatu. Watu hawa wangeshika adabu ya kuwahi, Keji angerudi kupalilia karanga. Leo najua kopo lile lisingetosha hata chaki, na kwamba karo ilichangwa kwa njia nyingine. Siku ile sikujua.

Keji alipoitwa mbele na makofi yakapigwa, nilipenya hadi kwa yule mzee wa tai, nikamvuta shati.

"Mzee, nyumbani kwako iko saa?"

"Iko, mwanangu. Kwa nini?"

"Tafadhali, usiiangalie mpaka dada amalize shule."