Chumba cha Cherehani

Dada yangu ni fundi wa nguo, na tangu binti yake aolewe nchi ya mbali, amekuwa akiongea na cherehani. Mimi mdogo wake, mdomo wangu hauna breki, nikamwambia atafute mtu. Akatafuta mbwa.

Tena si kimbwa cha kubeba kwapani. Moyo wake ulimwangukia jike mmoja wa kahawia kwenye kituo cha kuokoa mbwa, mkubwa kama ndama, aliyeachwa na wenyewe walipohama. Jirani alikuwa na dume wa bure, wa kuchukua siku hiyo hiyo. Dada akakataa: "Nimlete ndani bila kujua kama amechanjwa, au ameshamng'ata nani?"

Kituo hakikumficha kitu. Amechanjwa, amefungwa kizazi, ni mpole, ila anavuta kamba na anakula chochote kilichoanguka chini. Dada akawa anakwenda kumtembeza mpaka wakazoeana. Kilichobaki ni nyumba kukaguliwa.

Alijiandaa kama anayeposwa. Ukuta ukainuliwa, geti likatiwa komeo jipya. Msichana aliyetumwa na kituo kukagua alipokuja akasifu kila kitu huko nje. Kisha akavua viatu kwa heshima, akaingia sebuleni, na papo hapo akaruka.

"Mama, hii ni pini?"

"Pole mwanangu. Miguu yangu imeshazizoea."

Zilikuwa kila mahali, kwenye zulia, kwenye mapazia. Msichana akachomoa yake, akaketi.

"Yule mbwa akimeza moja tu, ni kupasuliwa. Sitaki kukunyima, mama. Huna chumba kingine cha kushonea, chenye mlango?"

Mimi nikatazama dari. Chumba kilikuwepo, cha binti yake, kitanda kimetandikwa, magauni yametundikwa, eti atarudi. Hakuna aliyethubutu kuweka hata ndoo mle.

"Sina," akasema dada.

"Basi samahani. Kuna familia nyingine inamtaka. Nitawajibu kesho."

Alipoondoka nilimwakia dada. "Unamtunzia chumba mtu mwenye nyumba yake, unamnyima aliye tayari kuja!" Alipiga magoti akaanza kuokota pini moja moja, nikajuta ukali wangu.

Asubuhi nilimkuta anaongea na binti yake kwenye simu, ameweka spika.

"Mwanangu, nataka kuhamishia cherehani chumbani kwako."

Nikaogopa.

"Hamishia, mama," binti akasema taratibu. "Mimi sirudi kuishi huko. Nilikuwa sijui nikwambieje."

"Najua," dada akasema. "Nimejua siku nyingi."

Akampigia msichana wa kituo kabla chai haijapoa. Tukabeba cherehani mimi na yeye, tukigombana njia nzima, tukapitisha sumaku kila pembe ya sebule. Msichana alirudi kukagua, safari hii na viatu vyake miguuni, akaridhika.

Mbwa alipoletwa alizunguka nyumba akinusa, kisha akajitupa katikati ya zulia na kushusha pumzi. Dada akaketi karibu naye, akamshika shingo, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya harusi wala siku tuliyomsindikiza binti uwanja wa ndege. Nilitaka kwenda kumshika. Lakini mbwa alikuwa ameshamwekea kichwa mapajani.