Gumba la Baba na Hedi ya Mrina Asali

Mimi nina mdomo, sikatai. Kwenye gereji ya baba pale Mkiwa wateja walinitania kwamba injini zinawaka kwa kuogopa kelele zangu. Baba ndiye aliyekuwa mpole, na ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa binti yake, kazi yangu kufungua nati na kupiga kiki.

Baba hakuwahi kumiliki kipimo cha kompresheni, yaani cha kujua injini inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Alikuwa anatoa plagi, anaziba tundu lake kwa kidole gumba, mimi napiga kiki, hewa inakisukuma kidole, naye anatoa hukumu. Nilikua nikiiamini hukumu ile kuliko maneno ya daktari.

Asubuhi moja alikuja mrina asali wa Rungwa. Alimwamkia baba shikamoo, akaeleza shida yake: pikipiki inazidiwa mchangani ikibeba madumu ya asali, na njia yake inapita kando ya pori la akiba, ambako mtu akiharibikiwa anaweza kushinda kutwa nzima bila kuona gari. Baba akasema tutachonga hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ipungue kidogo ili hewa ibanwe zaidi. Nikatandika msasa juu ya kioo, nikasugua, tukafunga, baba akaweka kidole.

"Bado dhaifu," akasema. "Ongeza, mama."

Nikafungua tena, nikasugua tena. Safari hii nilipopiga kiki, pedali ilinirudishia unyayo hadi goti likauma. Baba alikuwa ametulia tu, kidole juu ya tundu. "Bado."

"Bado nini, baba? Umelala?"

Nilisema hivyo mbele ya mteja, na mpaka leo maneno yale yananichoma. Nikamwambia apige kiki yeye, nikaziba tundu mwenyewe. Hewa ilikitupa kidole changu kando kama kimechapwa fimbo. Injini ilikuwa inabana kupita kiasi. Ingefika kule kando ya pori, pistoni ingetoboka, na yule mtu angelala huko na asali yake.

Ndipo nikautazama mkono wa baba. Kwenye gumba palikuwa na lengelenge bichi la kuungua na ekzosi, limeshapasuka, na mwenyewe hana habari. Ugonjwa wake wa sukari, tuliodhani umemtia ganzi miguuni tu, ulikuwa umefika vidoleni. Sijui ni injini ngapi alikuwa amezipima kwa kubahatisha. Chozi lilinitoka, na mimi si mtu wa kulia.

Nikamwambia kwa Kinyaturu, taratibu, mgeni asielewe, kwamba kidole hakisikii. Alikiangalia kwa muda mrefu. Nilitegemea atanifokea, na ningestahili. Badala yake akamgeukia mrina.

"Mwanangu, hedi yako nimeichonga kupita kiasi. Kosa langu. Nitakufungia ya pikipiki yangu, ni aina moja."

"Kuteleza si kuanguka, mzee," mrina akajibu.

Tukaitoa ya baba, nikaipitisha kwenye msasa kidogo tu, nikaifunga. Nikapima kwanza mimi. Ilikuwa nzuri, kiki nzito lakini haipigi mguu. Nikanyamaza. Mrina alikuwa amesimama pembeni, macho yote kwa baba, maana hakutoka Rungwa kuja kusikiliza neno la binti.

Baba akasogea akaziba tundu, nami nikapiga kiki. Hewa ikapenya pembeni ya gumba lake ikipiga mluzi. Aliinua uso akanitazama mimi, akasubiri. Nikainamisha kichwa kidogo, kukubali.

"Iko sawa," baba akamwambia mteja. "Nenda salama."