Mwambie Baba Yako

Kwa miaka mitatu Rozalia hakumsemesha mumewe, wala Wilfred hakumsemesha mkewe. Maneno yote yalipita kwa Frida, binti yao wa pekee. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Na wote watatu wako sebuleni! Jamani, nyumba yenyewe ya Bangwe, vyumba viwili tu, halafu mtoto anatumwa hatua mbili kupeleka maneno.

Chanzo? Wilfred, fundi wa injini za boti, aliamua peke yake wahame Katubuka, waje huku Bangwe. Rozalia alijua siku kirikuu, kile kigari cha mizigo, kiliposimama mlangoni kupakia vyombo. Alikasirika kweli kweli. Baadaye hasira ikaisha, ikabaki ganzi. Akaendelea kushona nguo sokoni Mwanga, kurudi, kupika, kufua, kudeki. Mume akishakula, sahani anaiacha palepale.

Januari hiyo Frida akaenda kuanza kidato cha kwanza, shule ya bweni. Pale stendi Rozalia hakulia. Aliwaza jambo moja tu: sasa maneno atayapeleka nani? Bila Frida, ndoa hii imebakiwa na nini?

Jioni ile alipakua ugali, akakaa. Hakuwa na wa kumtuma. Wilfred alikuwa chumbani, harufu anaisikia, na hakutoka. Ugali ukapoa. Kesho yake hivyo hivyo. Watu wazima wawili wana njaa, na chakula kiko mezani!

Siku ya tatu Rozalia aliamka na homa, akashindwa kuinuka. Saa nne hivi asubuhi Wilfred akaja kusimama mlangoni mwa chumba.

"Frida, mwambie mama yako..." alianza, kwa mazoea.

"Frida hayupo," Rozalia alisema.

Alingoja moyo wake ushtuke. Wapi! Ulikuwa kimya, kama si yeye aliyesema.

Wilfred akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama Frida, leo napika mimi. Wewe unapenda kula nini?"

Rozalia akafikiri. Cha Frida alikijua: wali na maharage. Cha Wilfred alikijua tangu uchumba: samaki mgebuka wa kuchoma, pilipili pembeni. Chake alikitafuta, akakitafuta tena, hakukiona.

"Sijui, Baba Frida," alisema. "Hujawahi kuniuliza. Na mimi niliacha kujiuliza."