Yaya Godefroid na Kitabu cha Kazi

Kaka yangu mkubwa Godefroid, ambaye nyumbani tulimwita Yaya, alifariki mwezi wa tano mwaka 1954 katika kijiji cha baba yetu, karibu na Kabongo. Katika miaka yake thelathini na sita aliishi kijijini hapo miezi minane tu, ile ya mwisho. Alizaliwa mjini Elisabethville, katika kambi ya wafanyakazi, baba akifanya kazi kwenye tanuru za shaba.

Yaya alipiga gita na kuchora mabango ya maduka, lakini si gita wala rangi vilivyomfanya awe vile. Nimewaona wapiga gita wenye saa mkononi. Yeye aliamka akiuliza siku ile inataka nini. Ikitaka wimbo mmoja, aliutafuta mpaka jioni bila kula. Ukimpa shati, wiki inayofuata unalikuta mwilini mwa mtu mwingine. Aliishi mtaa wa Kenya na Mado, bila ndoa ya kanisa. Mado aliuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na uani kwake walikaa watu wa namna ya Yaya: mpishi wa treni aliyetunga mashairi, mwalimu aliyefukuzwa. Waliweza kubishana mchana kutwa juu ya uzi mmoja wa gita. Mimi nilipita nikitoka misa, viatu vikiwa vimepigwa rangi, nikawaonea huruma.

Mji wa wakati ule haukumruhusu mtu kuishi hivyo. Kila mwanamume mweusi alibeba kitabu cha kazi, na mwajiri alitia sahihi kila mwezi. Bila sahihi, ulirudishwa kijijini. Kwa miaka sita fundi cherehani Alexis alimwandika Yaya kama msaidizi wake, ingawa Yaya hakuwahi kushona hata kifungo. Alexis alipohamia Rhodesia, Yaya alikuja kwangu.

"Mudogo," aliniambia, "weye uko karani. Una ruhusa ya kuandika boyi. Niandike miye."

"Boyi wa nani?"

"Wako. Hata kufagia nitafagia."

Mke wangu Delphine alicheka. "Yaya, ufagio wangu utaugeuza gita mbele ya saa sita."

"Basi utapata muziki na nyumba chafu. Watu wengi wanapata nyumba chafu tu."

Mimi sikucheka. Tangu utotoni sikuwahi kugusa sahani kabla yake. Ningeandikaje kwamba mkubwa wangu ni mtumishi wangu, karatasi ikasomwa na watu tunaosali nao? Tena ulikuwa uongo, na Jumapili nilikuwa napokea komunyo. Nilimwambia yote mawili.

"Hiyo haya ni yako, mudogo," alisema. "Miye sina. Andika tu."

Sikuandika. Nilimtafutia kazi ya kweli, kuchora namba kwenye mabehewa. Alifanya siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili jeneza lilipita barabarani, na wanawake waliolisindikiza waliimba kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Aliacha kopo la rangi wazi akawafuata mpaka makaburini. Hata marehemu hakumjua. Alipofukuzwa nilimuuliza kwa nini hakusubiri saa ya kutoka.

"Behewa linabakia pale," alisema. "Ule wimbo ulikuwa unapita."

Wiki iliyofuata polisi alimkuta kwa Mado, akaomba kitabu. Siku tatu baadaye tulikuwa stesheni, mimi, Mado na yeye, na polisi amesimama kando.

"Naenda kwa nani kule?" Yaya aliuliza.

"Nyumbani kwa baba."

"Baba alitoka kule, mudogo. Hakunionyesha hata njia."

Treni ilipoondoka, haya yangu yote ilikuwa imekwisha. Kesho yake nilikwenda ofisi ya vitabu vya kazi kumwandika kuwa boyi wangu. Karani wa pale, Edouard, alikuwa jirani yangu kanisani.

"Alete kitabu mwenyewe," alisema.

"Yuko kijijini."

"Basi aje."

"Hawezi kuja mjini kama hana mwajiri."

"Ni kweli," alisema Edouard, na alisema kwa huruma. "Hawezi."

Nilirudi kwake mara nne. Kila mara alinipa kiti, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Nilisali novena mbili, kila moja sala ya siku tisa. Halafu ikafika barua ya katekista wa kule: homa, siku tisa. Kabla ya hapo Yaya aliwabatiza watu wawili kwa wimbo wa Pasaka, aliandika katekista, maana yake aliwafundisha kuuimba. Aliomba tumpe jina la ukoo wa mama yetu, kwa sababu wazee hawakujua wamlilie vipi.

Padri ameniambia kwamba kukataa kusema uongo si dhambi. Ninaamini neno lake, na halinisaidii.

Mado alikuja siku ya misa ya marehemu. Alikaa nyuma kabisa, kwa kuwa hakuwa mke wa ndoa, nami sikujua kama nina haki ya kumwita mbele. Nje ya kanisa alinishika mkono wa koti.

"Siku ile alipokuomba, Laurent. Ilikuwa kuandika jina tu, ao kulikuwa kitu ingine?"

"Jina tu," nilimjibu.

Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa, akaenda zake kwa miguu kuelekea mtaa wa Kenya.