Ndoo Mbili za Shungi

Kule Kilosa, kwa miaka kumi na mmoja, Rajab Muhiddin alikuwa bwana mifugo. Alikuwa na pikipiki ya serikali, koti lenye mifuko mikubwa, na cheti cha chuo cha Mpwapwa alichokitia fremu. London alikuja na cheti hicho akakitundika juu ya televisheni, na kwa miaka yote aliyokaa huko hakutokea mtu wa kumwambia akishushe akisome. Alifagia maofisi, akaosha vyombo, hata akapata kibarua kwenye shamba dogo la watoto nyuma ya reli, Peckham. Lilikuwa na ng'ombe wawili, mbuzi sita, kuku, na bata mmoja mwenye kiburi. Watoto wa shule waliletwa pale kuona maziwa yanakotoka. Rajab alizoa samadi, akabeba nyasi, akapaka milango rangi. Kwenye karatasi za kazi aliandikwa msaidizi.

Mtu mmoja tu alimwita kwa jina lake la zamani. Daktari Parminder, mganga wa wanyama, alizaliwa Nakuru, binti wa seremala wa Kisingasinga. Alikuja kila mwezi kutoka Kingsbury, na alipomkuta mtu wa kuongea naye Kiswahili hakukubali tena kuongea naye Kiingereza.

"Bwana mifugo, wagonjwa wetu wanasemaje?"

"Wanasema daktari amechelewa."

"Waambie daktari yuko peke yake, na jam ya London haina huruma."

Kabla hajafungua mkoba wake, humwachia Rajab amshike mnyama kwanza. Rajab hufinya ngozi ya shingo, huiachia, huhesabu inachukua muda gani kulala. Huangalia macho kama yameingia ndani, hugusa ufizi kwa kidole. "Sekunde mbili, Dakta. Maji yamepungua kidogo." Naye Parminder huandika alivyoambiwa. Ilikuwa ndiyo saa moja katika mwezi ambapo Rajab alitembea wima.

Desemba ya mwaka 2010, shamba lilipotafuta msimamizi wa wanyama, Parminder alimwambia, "Jumatatu nakuja na barua. Nimeandika kwamba ujuzi wako hauna shaka. Meneja akishaisoma, hutazoa samadi tena."

Rajab hakulala vizuri wiki ile. Mkewe Sheikha, mzaliwa wa Mkunazini, mhudumu wa wodi ya wazee, alimtania: "Na mke mwenzangu je? Akiambiwa umepanda cheo si atadai mahari?"

Mke mwenza huyo alikuwa ndama, mtamba mwekundu mwenye kishungi cha manyoya kwenye paji la uso, na Rajab ndiye aliyemwita Shungi. Mama yake alikosa maziwa, basi Rajab akamlea kwa chupa tangu Septemba. Sasa alikuwa ameachishwa, yuko peke yake zizini maana ng'ombe wakubwa walipelekwa shamba la nje ya mji kwa majira ya baridi, anakula nyasi kavu na kulamba jiwe lake la chumvi. Aliposikia viatu vya Rajab kwenye kokoto alipiga kelele kama mtu anayeidai haki yake.

Ijumaa ikaja habari ya msiba. Ami yake Sheikha amefariki Northampton. Wakaenda kuzika, wakakaa na wafiwa hadi hitma ya Jumapili. Shamba aliachiwa Kamande, kijana wa Nyeri anayesoma chuo na kufanya kazi za mwisho wa wiki. Usiku huo huo wa Ijumaa baridi ikashuka, baridi ya kupasua mabomba. Maji yakaganda kwenye hori.

Jumatatu saa moja asubuhi Rajab alifika, na Shungi hakupiga kelele. Alisimama pembeni ya zizi, ulimi mkavu kama kipande cha gunia. Hori lilikuwa na barafu hadi chini. Jiwe la chumvi lilikuwa limelambwa likaingia shimo. Rajab alimfinya ngozi ya shingo, nayo ikasimama kama pindo la kanga iliyopigwa pasi. Alihesabu mpaka sita, akaacha kuhesabu.

Ndama akanyoosha shingo akaanza kuilamba mikono ya koti lake, mahali umande ulipogandia.

Rajab alikimbia. Bomba la jikoni, kwenye ofisi, lilikuwa bado linatoa maji. Alijaza ndoo, akachanganya maji ya birika kuondoa ubaridi, akambebea. "Kunywa, mama. Kunywa. Nisamehe." Shungi aliingiza mdomo hadi puani, na sauti ya maji yakishuka kooni ilimtoa Rajab machozi. Ndoo ilipokwisha, ndama akaisukuma kwa paji lake, akamtazama. Rajab akaleta ya pili. Tangu chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani alifundishwa kwamba anayemnywesha mwenye kiu ana fungu lake kwa Mungu, hata awe amemnywesha mbwa. Tumbo la ndama likavimba likawa duara. Rajab akampangusa mdomo kwa mkono wake, moyo umetulia.

Bomba la jikoni likakohoa mara mbili, likakauka. Kamande alipofika kurudisha funguo za wikiendi, akipuliza vidole vyake, Rajab hakumgombeza sana.

"Siku mbili, Kamande! Siku mbili wanyama hawana maji!"

"Niliona barafu, mzee. Nikaona wanailamba. Nikadhani inatosha."

"Barafu ile haimtoshi hata bata. Chukua toroli na madumu, nenda shule ng'ambo ya barabara. Wakifungua, omba maji ya mbuzi."

Saa nne Parminder aliingia akipangusa viatu vyake mlangoni. Akainua bahasha ya kaki. "Ninayo. Lakini chai kwanza, barua baadaye."

Hawakuinywa. Kutoka zizini kulisikika kishindo, kisha kingine. Walimkuta Shungi ameegemeza kichwa ukutani, anausukuma ukuta kama mlango uliokataa kufunguka. Rajab akapitisha kiganja mbele ya macho yake, na macho hayakupepesa. Kisha miguu ikalegea, akaanguka ubavu, akaanza kupiga mateke hewani.

Parminder akapiga magoti kwenye nyasi. "Alikosa maji muda gani?"

"Tangu Ijumaa usiku."

"Yule kijana wa wikiendi!" Akararua pakiti ya sindano kwa meno. "Kiu ndiyo imemfikisha hapa. Leo meneja atamfukuza, na sitamtetea."

Rajab akaziona ndoo zake mbili, tupu, kando ya mlango. Kiu. Neno lilikuwa tayari, na lilikuwa na ukweli wa kutosha. Hakuhitaji hata kusema uongo. Angenyamaza tu, na bahasha ingeendelea na safari yake.

Hapo ndipo Kamande alipoingia langoni akisukuma toroli, madumu yakimwagika. Mbuzi sita walilirukia ua kwa vilio. Kamande akainua dumu la kwanza juu ya hori.

"Kamande! Usiwape!"

"Si wana kiu, mzee?"

"Ndiyo sababu. Kikombe kimoja kwa kila mmoja, kisha ngoja robo saa."

Kamande akasimama na dumu mikononi. "Na mbona Shungi umempa ndoo mbili? Nimeziona pale, tupu." Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mwanafunzi.

Mikono ya Parminder ikasimama.

Rajab akavua kofia yake ya sufu. "Mnyama akikaa bila maji," alisema, "chumvi hupanda kwenye damu. Ubongo nao hujiwekea chumvi yake, usije ukakauka. Ukimpa maji kwa pupa, maji huikimbilia chumvi ilipo. Ubongo huvimba, na fuvu halina pa kutanukia." Aliyasema taratibu, kwa sauti aliyokuwa akiwafundishia wafugaji. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja mtu amuulize jambo kama hilo. "Kwa hiyo ni mimi, Dakta, si Kamande. Kiu alikuwa ameivumilia. Maji yangu ndiyo yaliyomwangusha."

"Ulijua?"

"Nilijua. Mwaka wa ukame nilisimama kwenye lambo na fimbo, nikawazuia ndama wasinywe wakashiba. Wenye ng'ombe walinitukana, wakasema nina roho ya jiwe. Leo nilimwonea huruma, elimu yote ikanitoka."

Parminder akatoa chupa ya dripu mkobani. "Ndoo za lita ngapi?" aliuliza.

"Kumi kumi."

Akafunga dripu ya maji ya chumvi kali, ayavute yale ya ubongoni polepole, tone kwa tone. Rajab alikaa chini akapakata kichwa cha ndama, akakihisi kinatetemeka, kinatulia, kinatetemeka tena. Kabla ya adhuhuri kilitulia, na hakikutetemeka tena.

Parminder alikusanya mipira na sindano zake. Alipofika kwenye bahasha aliishika kidogo. "Nimeandika humu kwamba ujuzi wako hauna shaka."

"Usiipeleke, Dakta."

Akaitia mkobani, chini ya glavu. "Ripoti ya kifo lazima niiandike. Nitaandika kwamba ni maji."

"Andika na jina langu."

"Ripoti haina mahali pa jina."

"Basi liandike pembeni."

Parminder akatazama pembeni, akafuta macho kwa mkono wa koti, akaenda kwenye gari.

Walibaki mbuzi sita. Rajab alikataa Kamande ashike kikombe. Alimnywesha wa kwanza, akakivuta kikombe kutoka midomoni mwake, na mbuzi akalia. Akamnywesha wa pili. Walimng'ata koti, wakamkanyaga viatu, wakalisukuma dumu lililofungwa. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu chake cha magurudumu akasimama kwenye ua, akasema kwa Kiingereza cha sauti ya juu: "We baba, una moyo gani? Wape ndoo! Huoni wana kiu?"

"Naona," alisema Rajab.

Akatazama saa yake. Kikombe cha pili kilikuwa bado dakika tisa.