Aliyerudia Kazi Yangu

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kutengeneza karabai, zile taa za mafuta zinazopigwa pampu. Wavuvi wetu huwavuta dagaa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaijali taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika na taa huletwa kwa fundi. Hapa Ujiji fundi nilikuwa mimi. Nasema hivyo bila kujivuna. Haya, najivuna kidogo. Siku hizo benchi la nje ya kibanda changu lilijaa wanaume tangu asubuhi, na walipiga soga kwa kelele hata nikawa nawafokea wanyamaze, nisikie karabai inavyovuma. Karabai hutengenezwa kwa sikio. Ikivuma vibaya unajua ugonjwa wake kabla hujaifungua.

Kisha zikaja taa za betri. Nilipoziona mara ya kwanza nilicheka. Nikasema hivi ni vitu vya kuchezea, ziwa litawaumbua. Ziwa halikumuumbua mtu. Msimu mmoja zilikuwa kwenye mitumbwi miwili mitatu, msimu wa pili zikafika nusu, na baada ya hapo mbalamwezi ilikuwa inakuja na kwisha benchi langu likiwa tupu. Watu walipita barabarani kama kawaida. "Shikamoo fundi," walisema, kwa adabu zote, wakaendelea na safari zao. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulitamka. Mke wangu alipofariki nyumba ilijaa watu mpaka arobaini, lakini ufundi wako ukifa hakuna anayekuja kukupa pole. Binti yangu, aliyeolewa Mwanza, alinipigia simu akaniambia huu ndio wakati wa kupumzika. Nilimjibu vibaya, nikakata simu, halafu nikakaa naitazama nikitamani apige tena.

Aliyekuwa anazijua taa mpya kuliko wote mjini alikuwa na duka mtaa wa Rusimbi, na alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuja kwangu akiwa hana hata ndevu. Nilimwoshesha vioo vya karabai miezi minane kabla sijamruhusu kushika pampu. Alikuwa na maswali huyo! Kwa nini hivi, kwa nini si vile. Nilikuwa namwambia, "Funga mdomo, tumia macho." Na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini, ana duka lake la taa za sola na betri, na wavuvi waliokuwa wakikaa benchi langu wanakaa kwake.

Ilinichukua miezi miwili kujikokota kwenda Rusimbi. Si kwamba ni mbali. Nilifika asubuhi moja, nimevaa kanzu kana kwamba nakwenda kuposa, na aliponiona alisimama haraka mpaka akaangusha kiti.

"Shikamoo fundi!"

"Marahaba. Nimekuja kujifunza kazi."

Alicheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akanivutia kiti chake mwenyewe na kuagiza soda.

Nikaanza. Kila siku nilikuwa nafika saa tatu na kuondoka baada ya adhana ya alasiri. Alinionyesha namna ya kupima betri kwa mita, namna ya kuunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, namna ya kubadilisha balbu ndogo ndogo zilizopangwa ndani ya taa kama punje za mahindi. Macho yangu hayakuwa yakinisaidia sana na vidole vilizoea vitu vikubwa, lakini nilijiona naelewa. Kila nilipomaliza taa nilimwonyesha. Alikuwa anaipokea kwa mikono miwili, anaigeuza, anasema, "Safi kabisa, fundi." Wiki ya tatu niliamini kwamba kazi hii ni nyepesi, na kwamba nilijitesa bure nyumbani. Kilichonikera ni kimoja tu. Wateja walipokuwa pale, wote walishusha sauti. Walimtania yeye, wakagombana naye, wakamwambia amewaharibia kazi. Mimi hawakunitania. Nilikaa katikati ya watu kumi, na nikajisikia kama mgeni aliyewekwa sebuleni.

Halafu mama mkwe wake akafariki Kagunga, naye akapanda boti kwenda kuzika. Aliniachia funguo. Nilijisikia mkubwa, sitasema uongo. Siku tatu alizokuwa huko nilitengeneza taa tano za mwenye mitumbwi mmoja wa pale Ujiji, nikazifunga mwenyewe, nikamkabidhi mwenyewe.

Mwenye taa alizirudisha siku ambayo mwanafunzi wangu alikuwa ameshatoka msibani. Aliingia na gunia, akaligeuza juu ya meza, na taa zikamwaga maji. Mbili zilikuwa na maji ya kutosha kunawia uso.

"Nani kafunga hizi?" aliuliza kwa ukali. "Vijana wangu wamekaa ziwani gizani, wimbi moja tu na taa zote zimezima! Wamerudi mikono mitupu, tena kwa kubahatisha!"

Alikuwa hajaniona nyuma ya mlango. Nikafungua mdomo nijibu, lakini mwanafunzi wangu alinitangulia.

"Ni mimi," alisema. "Nisamehe, kaka. Kichwa kilikuwa msibani."

Yule bwana alijua, kama alivyojua kila mtu, kwamba mwenye duka alikuwa Kagunga, na taa alikuwa amezipokea kutoka mkononi mwangu. Ndipo aliponiona. Ukali wote ukamtoka usoni. "Aa, mzee upo? Shikamoo. Basi si neno. Ziwa nalo lilichafuka sana." Akaondoka haraka kama aliyekosa yeye.

Mwanafunzi wangu akavuta taa moja katika zile tatu zilizoingia maji kidogo. Akachukua bisibisi na kuiweka kwenye skrubu ya kwanza, akaikaza nusu mzunguko. Akaenda ya pili, nusu mzunguko, ya tatu, ya nne. Hakuwa anaangalia. Alikuwa anatazama nje, na mkono unakwenda wenyewe, kama mkono wa mtu afanyaye jambo hilo kila siku. Akaizamisha taa ndani ya ndoo ya maji, akangoja kuona kama itatoa mapovu, akaitoa, akaifuta.

Hapo nikaelewa. Kioo cha karabai hakikazwi mpaka mwisho, kwa sababu kikipata moto kitapasuka. Unaacha nusu mzunguko. Mkono wangu uliacha nusu mzunguko kwa miaka ishirini na sita, na nikaja nao Rusimbi nikauacha kwenye taa ambazo hazina moto wowote na zinatakiwa zizibwe zisipitishe hata tone. Na ile ndoo, niliyodhani ni ya kunawia mikono, sikuwahi kumwona akizamisha taa ndani yake.

"Umekuwa ukirudia kazi yangu," nilimwambia.

Akaiweka taa mezani taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, fundi. Ukishaondoka."

"Zote?"

"Zote."

"Na ukaniambia safi kabisa."

"Sasa ningekuambiaje?" Macho yalimjaa machozi, mtu mzima yule. "Wewe ndiye uliyenifundisha kushika bisibisi. Nianze vipi kukuambia umekosea?"

Nilichukua kofia yangu nikaondoka. Nilitembea kwa miguu mpaka Ujiji, na njia nzima watu walikuwa wakinisalimia, na kila shikamoo ilinichoma. Nilimchukia yule kijana kwa muda wa saa moja hivi. Baadaye chuki ikahamia kwangu, ikakaa. Wiki zote zile nilidhani nipo shuleni, kumbe nilikuwa natunzwa. Alikuwa ananisubiri niondoke ndipo kazi ianze. Nani aliyemfundisha kufunga mdomo na kutumia macho? Aliufunga, kama nilivyotaka. Na laiti upepo wa ziwani ungezidi kidogo siku ile, wale vijana wangekufa gizani kwa adabu yetu sisi wawili.

Nilikaa nyumbani siku nne. Nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala nusu. Nilijiuliza kama miaka hamsini na minane inatosha mtu kuachwa na makosa yake, ayakumbatie mpaka kaburini, huku watu wakimwambia safi. Ilionekana ndilo jambo lililopangwa kwa ajili yangu, na kila mtu alikuwa mwema kweli katika kulitekeleza.

Siku ya tano nikarudi, bila kanzu. Kabla hajanivutia kiti nilimwambia, mbele ya wateja wake, kwamba zile taa tano nilifunga mimi. Kwamba nilishakwenda kwa mwenye mitumbwi nikamwambia mwenyewe. Kwamba nimekuja kujifunza, na akiniona nakosea aseme palepale, na kama hawezi aniambie sasa nirudi zangu nyumbani.

"Nimekusikia, fundi," alisema.

Kusikia ni jambo moja. Siku mbili nilimwona akimeza maneno. Nilikuwa nainua macho nakuta ananitazama mikono, kisha anageukia rafu. Nikazamisha taa zangu mwenyewe kwenye ndoo, nikakaza skrubu mpaka mwisho, lakini kwa mengine alibaki kunisifu, na kila sifa ilinisogeza karibu na mlango. Nilijiambia nitampa mpaka Ijumaa.

Alhamisi duka lilikuwa limejaa. Niliunga waya mmoja kwa risasi, nikapuliza, nikampa. Aliishika taa kwa mikono miwili kama kawaida yake. Akaigeuza. Nikaona midomo yake inajiandaa kusema lile neno lake. Kisha akaukamata waya kwa vidole viwili na kuuvuta, ukachomoka.

"Hapana," alisema.

Soga zikakatika. Mzee mmoja wa makamo yangu aliguna na kumtazama kwa jicho baya.

"Hapana, fundi," alirudia. Sauti ilikuwa inamtetemeka lakini hakuishusha. "Hii haikushika. Umeiwahi kabla waya haujapata moto. Ondoa risasi yote, uanze upya. Nami nakaa hapa naangalia."

Uso uliniwaka. Nilitaka kusema hilo nalijua, maana ndilo nililozoea kusema. Nikavuta taa mbele yangu, nikaanza kukwangua ile risasi. Yeye akasogeza kiti chake mpaka bega lake likagusa langu, na tangu nianze kwenda Rusimbi ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba mle ndani nipo na mtu.