Mjomba wa Graca

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na nane. Hapana, nakosea, kumi na nane ndio mwaka ule korosho zilileta maneno mengi, na Lukasi alikuwa bado kwao Njombe. Basi ni kumi na tisa, au ishirini mwanzoni, lakini mvua za masika zilikuwa hazijaanza, hilo nina hakika nalo.

Lukasi Mgaya alikuja Mtwara kufanya kazi katika shirika dogo lililopanga vyumba viwili mtaa wa Chuno. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka majumbani kuwatazama watoto wadogo: anayechelewa kukaa, anayechelewa kusema, asiyeshika kitu. Kisha anawaonyesha wazazi namna ya kucheza naye, au anampeleka kwa wataalamu mapema, kabla mtoto hajakomaa na shida yake. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kidogo, na hakuona haya kushuka sakafuni na kutambaa pamoja na watoto. Kinamama wa mtaa wa Ufukoni wakampa jina: Bwana Kutambaa. Akipita walimwuliza kama magoti yamepona, naye anajibu kuwa ameagiza mengine. Walimpenda. Mimi nilikuwa jirani yake, nilikuwa naona namna alivyopendwa.

Huko Ufukoni alikuwapo binti mdogo aitwaye Graca, anakaribia miaka mitatu. Baba yake, Alfredo, aliuza vitunguu sokoni. Mama yake ni Odete, mwanamke mpole wa maneno machache. Wazee wao walivuka Ruvuma zamani kutoka Msumbiji, wakabaki. Majirani walimwita Graca mkaidi kwa sababu akiitwa haji. Lukasi alichukua kopo lenye punje za mahindi, akalitikisa nyuma ya kisogo cha Graca. Mtoto hakugeuka. Akalitikisa tena kwa nguvu, kuku wakakimbia, mtoto akaendelea kuchezea kanga ya mama yake.

Wataalamu wa masikio walikuwa wanakuja mjini wiki ile, na huja mara moja kwa mwaka. Lukasi akamfuata Alfredo sokoni kumwomba Graca apelekwe kupimwa. Alfredo aliridhia palepale, wala hakuacha kumpimia mteja vitunguu. Basi kwa Lukasi jambo likawa limekwisha, maana kwao Njombe baba akisema ndiyo, nani tena wa kuulizwa?

Asubuhi ya kwenda, kinamama walikuwa wamekusanyika na watoto wao wakisubiri gari la shirika. Odete akamvuta Lukasi pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tumngoje kaka yangu. Yuko shamba, atakuja."

Lukasi hakumjibu kwa sauti ya chini. Aliwageukia wengine huku anacheka, akasema, "Mnawaona hawa? Mama akitaka kukwepa hospitali, hutafuta kaka wa kumsingizia."

Wanawake walicheka. Baadhi yao, wenye desturi moja na Odete, walicheka wakitazama chini. Odete akapanda gari.

Huko Graca akapimwa. Ilionekana anasikia kidogo sana, lakini anasikia. Wakamtia sikioni kitu laini kama unga uliokandwa, kikakauka, wakakitoa. Hiyo ndiyo kalibu ya kutengenezea kifaa chake cha kusikilizia, kimkae yeye tu. Lukasi alirudi nyumbani akipiga mluzi. Akaniambia, mzee, yule mtoto atasema.

Sasa, kwa watu wa kwao Odete mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analisha, anapenda, anabeba, lakini la mtoto likitokea, wa kusema ni mjomba. Jambo hilo Mtwara linajulikana hata na watoto. Lukasi alikuwa amelisikia, ila alilichukua kama habari za zamani, za kusimuliana tu.

Mjomba huyo aliitwa Valdemar, anakaa kijiji kimoja karibu na mto, upande wetu. Habari zilimfikia kwa wauza samaki: mpwa wako ametiwa kitu sikioni mjini, na dada yako amechekwa hadharani. Akaja Ufukoni. Hakugomba na mtu. Alisema dada yake atakuja kupumzika kwake na mtoto, na Alfredo mwenyewe ndiye aliyefunga mzigo.

Kifaa kilipowasili, kidogo kama haragwe, Lukasi alikodi pikipiki akaenda nacho kijijini. Valdemar alimpokea vizuri. Alitandikiwa mkeka, akaletewa maji ya kunawa, ugali wa muhogo na samaki. Walikula bila kutaja jambo. Baada ya kunawa tena Valdemar akasema:

"Mwalimu, mimi niliona kabla yako. Wakati wa mavuno sufuria ilianguka, watoto wote wakaruka, yeye hakuruka. Nikaanza kuulizia watu. Ungeniuliza, ningembeba mwenyewe mgongoni mpaka Mtwara."

Lukasi akasema samahani, akasogeza kile kifaa. Valdemar hakukigusa.

"Aliyekupa mtoto, mpe yeye hicho."

Lukasi akapanda pikipiki, akarudi mjini na kile kifaa mfukoni.

Akaenda kwa Alfredo. Alfredo alicheka, cheko la kusikitisha. "Mimi? Mimi pale ni mgeni niliyezaa. Nikipeleka hicho, shemeji atanikaribisha chakula kama alivyokukaribisha wewe, basi."

Lukasi akamwuliza, sasa kwa nini ulikubali?

"Ulikuja na kitambulisho shingoni, ningekukatalia vipi? Na tena, bwana, tangu nioe hakuna aliyewahi kuniuliza jambo la mtoto. Nilipenda kuulizwa."

Kuanzia hapo Lukasi akawa mtu mwingine. Alipita Ufukoni njia ya nyuma. Kinamama wakimwuliza magoti, alikuwa anachelewa kucheka. Aliniambia kinachomla si kosa la desturi, mgeni hukosea desturi. Kinachomla ni kwamba aliambiwa. Mama wa watu alimwambia kwa kinywa chake, kwa adabu, naye akamgeuza kichekesho mbele ya wenzake ili gari lisichelewe.

Nikamshauri atafute mtu wa kumsemea, maana mkosaji hajisemei mwenyewe. Tukampata Mzee Issa wa Mikindani, aliyefahamiana na marehemu baba yake Valdemar. Lakini masika yalikuwa yameshika, njia ya kule ikakatika, kisha Mzee Issa akaugua miguu. Miezi ikapita.

Walipofika hatimaye, Mzee Issa alisema maneno machache, Lukasi akainama, akaomba radhi kwa Valdemar, kisha kwa Odete, akiyataja yale aliyomwambia siku ya gari, yote, bila kupunguza. Odete alikuwa anamenya muhogo. Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. Valdemar akasema yamekwisha. Akamwita dada yake amlete mtoto, na safari hii akaupokea mkono wa Lukasi na kile kifaa ndani yake.

Graca alikuwa amerefuka. Alikaa mapajani mwa mjomba wake, ametulia, anamtazama Lukasi kama mtu asiyemjua. Lukasi akajaribu kukiingiza. Hakikuingia. Akakigeuza, akakilowesha, akajaribu tena polepole, mtoto akakunja uso. Sikio lilikuwa limekua. Kalibu ile ilikuwa ya mtoto wa kabla ya masika.

Hakuna aliyemlaumu. Mzee Issa alitazama fimbo yake. Valdemar akamfunika mtoto sikio kwa kiganja, kama linalouma.

Lukasi akakirudisha kifaa kwenye kiboksi. Wataalamu wangerudi tena baada ya miezi kadhaa, na ingebidi mtu aje kumchukua mtoto, aanze naye upya. Akamtazama mjomba, akamtazama mama, hakujua safari hii ampelekee nani neno lake. Mwishowe akaliweka hapo katikati, kwa wote:

"Wakija tena, mnaniruhusu nije?"